Umekwisha kulipa lupango, sertifika haijatoka: uhamie au ungoje?

Anayenunua nyumba au kiwanja hapa Lubumbashi, lupango kama tunavyosema wenyewe, hupita katika kipindi kigumu ambacho wauzaji hawapendi kukitaja siku ya kupatana bei. Fedha imekwisha kutoka mkononi, hati ya mauzo imetiwa sahihi na kupelekwa kwa noteri, lakini hati ya usajili, ile ambayo kila mtu anaiita sertifika, bado ina jina la aliyeuza. Kwa wenye bahati kipindi hicho ni majuma machache, kwa wengi ni miezi, na wapo waliovuka mwaka mzima wakiambiwa warudi Jumatatu. Katika muda huo mnunuzi hujiuliza swali moja: ahamie na kuanza kujenga kwa nguvu ya hati ya mauzo, au ajizuie mpaka dosiye yake, yaani faili la maombi, itoke kwa Konsevateri, afisa wa Serikali anayesajili hati za ardhi? Nimeishi ndani ya swali hilo kwa kiwanja changu cha upande wa Annexe, komuni ya pembezoni mwa mji, na nimesikia majibu ya pande zote mbili kwa watu ninaowaheshimu.

Ni lazima kwanza ieleweke kinachonunuliwa. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, mali isiyouzwa wala isiyopotea kwa kupita kwa miaka. Anachopata mtu ni haki ya kuutumia, pamoja na kilichojengwa juu yake. Raia wa Kongo anaweza kupewa haki ya kudumu. Mgeni au kampuni hupewa haki yenye muda, na iliyo ndefu kuliko zote, emfiteozi, haizidi miaka 25, ingawa inaweza kufanywa upya. Chini ya hapo kuna mkataba wa kukodi kwa Serikali, ambao hauzidi miaka 3, na ambao kwa kawaida hutangulia hizo nyingine: ndani ya muda huo mwenye mkataba anatakiwa ajenge, aonyeshe kwamba kiwanja kimetumiwa, ndipo aombe haki iliyo kubwa zaidi. Katika kartiye, yaani mitaa, mpya za pembezoni mwa mji, wauzaji wengi hawana zaidi ya mkataba huo wa kukodi.

Jambo hili linabadilisha maana ya kuchelewa. Aliyenunua kwa mtu mwenye haki ya kudumu hupoteza subira na nauli anapongoja. Aliyenunua kwa mwenye mkataba wa miaka 3 ambao umebakiza miezi 5 anapoteza kile kile alichokinunua, kwa maana muda unakwenda iwe dosiye inatembea au imelala mezani. Vivyo hivyo, anayechukua fleti ya mjini kutoka kwa kampuni yenye emfiteozi anapaswa kujua imebaki miaka mingapi kabla ya kujadili bei, kwani ananunua masalio ya muda, hanunui muda mzima. Nashangaa kuona watu wakikagua paa, bomba na kisima kwa siku nzima, na tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji wakiisoma kwa dakika moja.

Wanaosema «hamia upesi» wana hoja yenye uzito. Kiwanja kilicho wazi humwita mnunuzi wa pili. Komisyonere, yaani dalali, asiye mwaminifu hupitisha watu, huwaonyesha majani na miti, na kwa kuwa hakuna ukuta wala mlinzi, hakuna wa kumkanusha. Zaidi ya hayo, kungoja kunagharimu: mnunuzi anaendelea kulipa nyumba ya kupanga, na akilazimika kuhama katikati atadaiwa garanti mpya, yaani amana ya kodi, ambayo wenye nyumba wengi huipandisha hata kama sheria ya 31 Desemba 2015 iliweka kikomo cha miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Fedha ya matofali na saruji nayo ikikaa bila kazi huliwa na ugonjwa wa mtoto, karo au msiba.

Mimi mwenyewe niliona nguvu ya hoja hiyo kwa macho. Kiwanjani kwangu kulikuwa na kichuguu kirefu kupita mtu, cha udongo mzuri mwekundu, na sikuwa nimekigusa kwa sababu nilikuwa nangoja karatasi. Asubuhi moja nilikuta vijana wawili wamekimega nusu nzima. Matofali mabichi yalikuwa yamepangwa safu kwa safu juani, yamefunikwa majani. Hawakuwa wezi. Walikuwa wametumwa na mzee mmoja aliyenunua kwa haki yake, na walinionyesha nakala ya fishi, karatasi ya kiwanja iliyotolewa na komuni, yenye namba iliyofanana na yangu isipokuwa tarakimu moja. Kama ningekuwa nimejenga hata chumba kimoja cha mlinzi, wasingethubutu kuingia.

Lakini kisa hicho hicho ndicho wanachokitumia wa upande wa pili. Ugomvi wangu na yule mzee haukuamuliwa na nani alitangulia kufika. Ulikwisha siku mpimaji wa kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, alipokuja na kamba yake, akatafuta mabornu manne, yaani alama za mipaka, akalikuta la tatu limefukiwa chini ya mizizi ya mwembe, kisha akaweka kroki, mchoro wa viwanja, juu ya boneti ya gari na kutuonyesha kwamba kiwanja cha mzee kilikuwa cha pili kutoka changu. Kama yeye angejenga kwa haraka, angejenga kwangu. Kama mimi ningejenga kwa haraka kwa kufuata kidole cha komisyonere, ningeweza kujenga kwa jirani. Hatua ya kupima ndiyo iliyochelewesha dosiye yangu kuliko zote, na ndiyo iliyoniokoa.

Hoja yao ya pili ni ya sheria, na ni nzito zaidi. Kifungu cha 219 cha sheria ya 1973 kinasema kwamba haki ya kutumia ardhi iliyotolewa na Serikali huthibitishwa kwa sertifika tu. Hati ya mauzo inawafunga walioitia sahihi. Haimfungi mtu wa tatu anayetokea na sertifika yenye jina lake. Na kwa mujibu wa marekebisho ya 1980, miaka 2 ikipita tangu sertifika itolewe, haishambuliki tena kwa urahisi. Aliyedhulumiwa hubaki na dai la fidia dhidi ya aliyekosa. Anayehamia, akajenga, akaridhika na kuacha dosiye ilale, anaweza kuamka akiwa na nyumba nzuri juu ya ardhi ya mwingine. Nimeona hatari ya pande zote mbili hapa, kwani kifungu hicho kinamtisha anayehamia bila karatasi, na pia kinamtisha anayengoja kwa kukaa kimya.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno, nalo ni kifo. Muuzaji akifariki kabla ya mutasio, yaani kabla hati haijahamishiwa jina la mnunuzi, mnunuzi anajikuta mbele ya familia. Kanuni ya familia ya 1 Agosti 1987 inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, na mtoto aliyekuwa Kolwezi au Likasi siku ya mauzo anaweza kusema kwa unyofu kabisa kwamba hakuambiwa lolote. Mjane naye atauliza kama alitia sahihi. Hapo miezi 4 ya kuchelewa inageuka kuwa miaka ya baraza la familia na mahakama.

Jamaa yangu aliyeko London alinisimulia kwamba huko nako anayenunua fleti ya kukodi kwa muda mrefu, ya miaka 99 au 125, hungoja miezi, mara nyingi kwa sababu wakili anadai kwa mwenye ardhi au msimamizi wa jengo hesabu za gharama za pamoja. Tofauti ni kwamba nchini Uingereza hakuna anayefungwa mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyotiwa sahihi. Mnunuzi anangoja huku fedha ya nyumba bado ni yake, ingawa muuzaji naye yu huru kubadili nia na kumwacha na hasara ya wakili. Kwetu mpangilio umegeuzwa: fedha hutangulia, ukaguzi hufuata, na ndiyo sababu kungoja kwetu kunauma namna hii.

Kwa hiyo naona swali la kuhamia au kungoja limewekwa vibaya. Kuna kungoja kunakokagua kitu: mpimaji anatafuta mabornu, ofisi inachunguza kama sertifika ya zamani ina rehani au kesi, anayethibitisha ujenzi anafika kiwanjani. Huko nakubali kungoja bila kunung'unika, na ningependa kufanyike kabla ya kulipa zaidi ya sehemu ya kwanza ya bei. Na kuna kungoja kusikokagua chochote: dosiye imekamilika, ada zimelipwa na risiti ipo, inabaki sahihi moja. Huko subira ya mnunuzi haimlindi na lolote, na ni haki yake kuandika barua, kudai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, na kurudi na nakala hiyo kila juma. Anayeuliza tu «imefika wapi?» mlangoni hujibiwa kwa mdomo, mwenye nakala yenye tarehe hujibiwa kwa kufunguliwa rejista.

Wakati huo wa katikati, ukuta mwepesi, mlinzi na chumba kimoja vinatosha, baada ya mipaka kupimwa, kumzuia mnunuzi wa pili. Nyumba nzima inaweza kungoja msimu mmoja wa kiangazi. Na katika hati ya mauzo yenyewe iandikwe kwamba sehemu ya mwisho ya bei italipwa siku sertifika itakapotoka kwa jina la mnunuzi, mke au mume wa muuzaji atie sahihi, na watoto waliofikia umri wawe mashahidi. Wauzaji wengi watakataa, na baadhi yao kwa sababu ya haki kabisa, kwa kuwa wanauza ili walipe hospitali au wanunue mahali pengine. Mimi nilikubaliana na wangu kubakiza robo tu, naye alinisindikiza mara tatu ofisini bila kuombwa, akiwa na kitambulisho chake mfukoni na fundo lile lile la karatasi za zamani lililofungwa kwa uzi.