Farasi 220 na Kiu Yao

Aliyenitia katika fedheha hii ni mimi mwenyewe. Jirani yetu hapa Columbus, Ohio, mzee mstaafu mwenye roho nzuri, ana Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957 yenye milango minne, ambayo huitoa gereji kama mwari anavyotolewa ndani: polepole, na kwa siku maalumu. Aliposikia kwamba shangazi yangu amekuja kutoka Tanga kumwoza bintiye, alijitolea kuniazima gari hilo nimpeleke bibi harusi ukumbini. Jumamosi asubuhi akanikabidhi ufunguo, akaiachia breki ya mkono yeye mwenyewe, akanitajia tu kwamba mafuta yamepungua, kisha akaenda zake kuvua samaki.

Mtu mwenye akili zake angemuuliza maswali mawili matatu. Mimi sikuuliza, kwa kuwa wiki nzima nilikuwa nimezidurusu sifa za gari lile hadi nikazijua kama mtoto wa chuoni anavyoijua Juzuu Amma. Basi tulipoingia barabarani, mama na binti wakiwa wamekaa nyuma, nilianza kuwasomesha. Niliwaeleza kuwa huo ulikuwa mwaka wa tatu na wa mwisho wa umbo lililoanza 1955. Kwamba mwaka huo ringi zilipunguzwa kutoka inchi 15 hadi 14 ili gari likae chini zaidi. Na kwamba wavu wa mbele wa Bel Air ulitiwa rangi ya dhahabu, ili jirani mwenye Chevrolet ya bei nafuu ajue nafasi yake. Nilipofika kwenye injini, sauti yangu ilipanda kama ya mnadi. Nilisema kwamba ni V8 ya inchi za ujazo 283, yaani lita 4.6 hivi, na kwamba mwenye fedha zake aliweza kuagiza injini inayopuliziwa mafuta bila kabureta, iliyotoa nguvu za farasi 283, farasi mmoja kwa kila inchi.

"Hili letu," nikamalizia kwa unyenyekevu wa uongo, "lina farasi 220 tu, kwa sababu linatumia kabureta moja yenye midomo minne."

"Mashallah," alisema shangazi. "Na mkanda wa kujifunga uko wapi, mwanangu?"

Nilimfahamisha kwamba mwaka ule mikanda haikuwa sehemu ya vifaa vya kawaida. Alinyamaza, akaanza kuvuta uradi.

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa, kwa hiyo niliingia katika kituo, nikalipa dola 20 dirishani, nikarudi na kuichukua bomba ya petroli kwa madaha ya mtu anayejua kwamba anatazamwa. Ubavu wa kushoto haukuwa na kifuniko. Nilizunguka kulia, nako ni bati tupu, linang'aa hata nikajiona uso. Nikakumbuka kwamba magari mengi ya Marekani ya miaka iliyofuata yaliuficha mdomo wa tangi nyuma ya kibao cha namba, nikapiga magoti nikiwa na suti yangu mpya na kukivuta kibao kile. Hakikutoka, ila kilinikata kidole. Nilifungua buti, nikafungua na boneti, ambako kabureta yenye midomo minne ilinitazama kama mtu aliyeulizwa habari zisizomhusu.

Simu ilikuwa mfukoni. Lakini baada ya hotuba niliyoitoa njiani, niliona afadhali kufa kuliko kuonekana nikiiuliza simu mahali pa kutilia mafuta.

Nikarudi kwenye usukani, nikijiambia kwamba lazima pawe na kitufe cha kufungulia. Kulikuwa na kitufe sakafuni, kushoto; nilikikanyaga, na taa kubwa za mbele zikamwakia usoni bwana mmoja aliyekuwa akinywa kahawa yake kwa utulivu. Kumbe enzi hizo taa zilibadilishwa kwa mguu. Chini ya dashibodi palikuwa na mkono wenye umbo la herufi T. Niliuvuta kwa nguvu zangu zote, ukalia "krrrk", na hapakufunguka kitu. Nikauacha hapohapo na kutoka tena nje. Nyuma yetu magari matatu yalikuwa yameshapanga foleni.

"Kaka," aliita bibi harusi kutoka ndani ya shela, "sheikh ameshafika ukumbini."

Hapo shangazi alishuka. Alilizunguka gari taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mwanangu, umesema hawa farasi ni wangapi?"

"Mia mbili na ishirini, shangazi."

"Na midomo mingapi?"

"Minne."

"Midomo minne, na wewe huuoni hata mmoja."

Alijiegemeza kwenye pezi la nyuma, upande wa kushoto, apumzike. Mtandio wake uliofukizwa udi ukanasa kwenye mshono wa utepe wa kromiamu ulio juu ya taa. Aliuvuta mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa hasira, na ule utepe, ambao mimi nilikuwa nimeupita mara nne nikidhani ni pambo, ukafunguka kama kijilango. Ndani yake, kifuniko cha tangi kilikuwa kimetulia. Mafundi wa mwaka 1957 hawakutaka kiwaharibie umbo la pezi, wakakificha. Na katika yote niliyoyakariri, hilo tu ndilo lililonipita.

Yule bwana wa kahawa alipiga makofi. Nilimimina petroli yangu nikiwa nimeinamisha kichwa, nikafunga kila nilichokuwa nimekifungua, nikawasha injini. Iliunguruma vizuri. Nikakanyaga mafuta, gari likajikongoja mbele kama mzee aliyebeba gunia, injini ikilalamika, na kabla hatujaitoka njia ya kituo harufu ya kitu kinachoungua ilikuwa imeshaushinda udi.

Nilimwangalia shangazi kwenye kioo. Macho yake hayakuwa kwangu; alikuwa ameyakazia ule mkono wa herufi T chini ya dashibodi, ambao bado ulikuwa umechomoza.

"Umewanywesha, mwanangu," alisema. "Sasa wafungue kamba."