Mahindi ya jirani

Kisu kilipopasua gole la bata mzinga niliyempiga asubuhi ile, ule mfuko wa chakula shingoni mwake, mahindi yalimwagika kwenye bati la pikapu kwa mlio ule ule wa nafaka inayomiminwa kwenye ungo. Nikachota, kiganja kikajaa. Punje nzima, kavu, za njano, safi kama za kuuzwa.

Mtu aliyekulia kijijini anajua kwamba gole la ndege ni kama mfuko wa kaptula ya mtoto: ukiupekua unajua kashinda wapi. Bata mzinga wa porini huku Missouri, Marekani, mwezi wa Aprili, anakula majani machanga ya klova, wadudu, na mbegu za mialoni zilizosalia chini ya majani makavu. Mahindi ya mashambani yalivunwa tangu mwaka jana. Wanaoanza kupanda, mbegu zao zimepakwa dawa, zina rangi nyekundu au ya waridi. Haya yangu yalikuwa ya njano tupu, ya gunia la dukani.

Mzee ninayewinda kwake alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake cha kahawa. Akaangalia kiganja changu, kisha akageuza shingo taratibu kuelekea uzio wa magharibi. Shamba lake ni la nyasi za ng'ombe. Mahindi hajapanda miaka mingi. Hakusema kitu. Hakukuwa na haja.

Naandika haya kwa sababu naona Waswahili wenzangu wa Marekani wanazidi kuingia kwenye uwindaji, na nusu ya maswali wanayoniuliza ni ya bunduki na nguo za mabakamabaka. Hakuna anayeniuliza kuhusu jirani. Na jirani ndiye atakayekuharibia msimu.

Sheria ya Missouri inakataza kumwinda bata mzinga kwa chambo. Hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni mkia wake: mahali palipomwagwa nafaka panahesabiwa pana chambo mpaka zipite siku 10 tangu chambo chote kiondolewe. Kuacha kumwaga hakutoshi. Msimu wa kawaida wa machipuko ni siku 21. Piga hesabu mwenyewe. Jirani akiamua kutubu siku ya kwanza ya msimu na kuzoa kila punje, karibu nusu ya msimu imeshakwenda. Asipotubu, umekwenda wote.

Na wa kukosa si yeye peke yake. Sheria inamshika mwindaji aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba mahali hapo pana chambo. Asubuhi ile nilikaa nimeegemea mwaloni mnene, hatua kama mia moja hivi kutoka kwenye seng'enge. Saa kumi na moja na nusu alfajiri dume akaunguruma juu ya mti alikolala, nikamjibu kwa kibao cha kuitia, taratibu, kama jike asiye na haraka. Akaruka chini. Nikamsikia akija, nikajisifu moyoni kwamba nimeiva. Alipofika hatua thelathini alikuwa amevimba, mkia umefunguka kama upepeo, kichwa chekundu, cheupe na cha buluu kwa pamoja. Nikapiga.

Sasa, na mahindi mkononi, nikajiuliza kama nilimwita mimi, au nilikuwa nimekaa tu kwenye njia yake ya kwenda kula. Nilishamsajili kwa simu kama kanuni zinavyotaka. Mpaka dakika ile nilikuwa sijui kitu. Kuanzia dakika ile nikawa najua, na kwangu ile kona ya shamba, iliyo bora kuliko zote, ikawa haramu bila mimi wala mzee kumwaga hata punje moja.

Hapo ndipo ninapopishana na wanaosema mtu akimwaga mahindi kwake ni shauri lake. Ndege hasomi mpaka. Analala kwetu, anakula kwake, anarudi kwetu kuoga vumbi. Pipa lake la kumwagia mahindi likiwa hatua ishirini kutoka kwenye uzio, limetega pande zote mbili. Kanuni za Missouri zimeliona hilo pia: ni kosa kuweka chambo kwa namna inayomtia mwindaji mwingine hatiani. Ningekuwa na uwezo, kifungu hicho ningekichapa kwa herufi kubwa kwenye kila gunia la mahindi ya kulishia kulungu linalouzwa huku, maana magunia hayo hata vituo vya mafuta vinayo, yamepangwa mlangoni kando ya mkaa.

Lazima niseme ukweli wangu kabla hamjaniona malaika. Kuwinda kwangu kulianza na chambo. Kwetu Kondoa, baada ya mavuno, tulikuwa tunamwaga mtama kwenye kijinjia cha kwale na kutandika tanzi za manyoya ya mkia wa ng'ombe, kisha tunajificha nyuma ya kichuguu tukizibana pumzi. Kanga pia tuliwapata hivyo. Bibi alikuwa anatupa mtama kwa mkono wake, kiasi cha kikombe, na jioni anauliza mrejesho. Kwa hiyo sina ubavu wa kumwita jirani yangu jangili kwa sababu tu amemwaga nafaka. Kuna majimbo humu humu Marekani, sehemu kubwa ya Texas mojawapo, ambako anachokifanya ni halali kabisa.

Hata hawa ndege wenyewe wako hapa kwa sababu ya mahindi. Kufikia miaka ya 1950 Missouri ilikuwa imebakiwa na bata mzinga elfu chache tu, huko kwenye vilima vya Ozark. Mwaka 1954 idara ya uhifadhi ya jimbo ikaanza kuwanasa na kuwahamishia kwenye misitu iliyobaki mitupu. Wahifadhi wa Marekani walikuwa na njia yao ya kuwanasa: wanawazoesha kula mahindi mahala pamoja, kisha wanawarushia wavu unaofyatuliwa na vijizinga. Bata mzinga kunaswa kwa mizinga. Aliyewapa jina hilo la Kiswahili aliona mbali, ingawa kwenye hilo la bata alichemka. Mwaka 1960 ukafunguliwa msimu wa kwanza wa zama hizi, siku tatu tu. Mwaka 2004 wawindaji wa machipuko walichukua zaidi ya 60,000. Tangu hapo hesabu imeteremka, na wanaokaa misituni wanaliona hilo bila kuambiwa.

Tofauti ya mtama wa bibi na pipa la jirani, basi, siitafuti kwenye nafaka. Bibi alimwaga kikombe, na mlinzi, mtega na mlaji walikuwa watoto wale wale. Pipa la jirani lina kimashine cha saa kinachorusha mahindi asubuhi na jioni, mwenye pipa akiwa kalala, wiki baada ya wiki. Usiku yanakuja marakuni na vicheche kuokota masalia. Ni wakati huo huo, Aprili na Mei, jike wa bata mzinga anapotaga chini, kwenye nyasi, yai moja kwa siku mpaka kumi au kumi na mawili, halafu anayaatamia siku 28. Ukiita walaji wa mayai kila usiku kwenye eneo moja, usishangae mwaka unaofuata ukimya alfajiri. Mvua ikinyesha, yale yaliyolala chini yanaota ukungu. Msomaji wa Dodoma au Manyara simfundishi mimi habari za sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu kwetu. Ndege nao inawadhuru.

Nilipowaambia wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp, ushauri ulikuja kwa kasi. "Kaka, nyamaza. Wewe ni mtu mweusi, una lafudhi, una bunduki, uko kaunti ambayo hata mtandao haushiki. Unamshitaki mzungu kwa bwana nyama kwa sababu ya kuku?" Dada mmoja wa Minnesota akasema nihame shamba. Mwingine, huyu nadhani alikuwa anatania, akasema nivuke usiku nikaligeuze pipa.

La kuvuka usiku lifute kabisa kichwani. Miti ya mpakani kwake ina mistari ya rangi ya zambarau. Huku Missouri, tangu 1993, mistari hiyo ni sawa na kibao cha "hakuna kuingia". Ukivuka, hata kwenda kupiga picha ya chambo, wewe ndiye mwenye kesi, na bunduki begani inaifanya kesi iwe nzito. Picha nilizokuwa nazo nilizipiga nikiwa upande wetu, kwa kuvuta lenzi ya simu mpaka ikaanza kutia ukungu.

La kunyamaza nililifikiria siku mbili nzima. Sikulidharau. Kuna hesabu ambazo mtu wa rangi yangu anazipiga huku kabla ya kugonga mlango wa mtu, na asiyezipiga ni mwenye bahati. Mwishowe mzee akasema, "Twende wote. Mimi nimemjua tangu akiwa na nywele."

Tukamkuta kwenye banda lake anarekebisha mashine ya kukatia nyasi. Hakuwa mkali, na hilo lilinitatiza zaidi kuliko angekuwa mkali. Akasema mahindi ni ya kulungu, mkewe anapenda kuwaona kutoka dirishani. Mzee akamkumbusha kwamba dirisha la mkewe linatazama magharibi na pipa liko mashariki, nyuma ya kilima. Kimya. Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema ana mjukuu wa miaka kumi na mbili, anakuja wikendi kutoka mjini, miaka miwili mfululizo hajapata ndege, na anaanza kusema kuwinda ni kazi ya wazee.

Nilimwelewa. Nina mtoto wa umri huo anayeona kila kitu ninachokipenda ni kazi ya wazee. Lakini mtoto akimpiga bata mzinga kwenye pipa, kajifunza nini? Hajajua kukaa saa tatu bila kukuna pua na mbu katua juu yake. Hajajua kusikia mngurumo ukizunguka kilima na kukataa kuja. Nikamwambia jirani, kwa adabu zote, kwamba nitafurahi kukaa na kijana upande wetu, kwenye korongo la kaskazini mbali na pipa, nimwitie mimi. Akasema atafikiria. Nikamwomba aliondoe pipa. Hilo pia akasema atafikiria.

Jumanne pipa lilikuwa pale pale, na kwenye majani palikuwa na njano mpya.

Nikapiga simu. Jimbo lina namba ya kuripoti ujangili, Operation Game Thief, saa 24, na hulazimiki kutaja jina. Mimi nilitaja. Niliona nikijificha nitakuwa nimekubali kwamba ninalolifanya ni uchongezi. Na nilianza na langu mwenyewe: nimempiga dume siku fulani, nimekaa hapa, nimekuta hivi kwenye gole, punje hizi nimezihifadhi kwenye mfuko wa friza. Afisa wa wanyamapori alikuja kesho yake, kijana mpole mwenye buti zilizokula matope. Akaniuliza nilijua lini. Akaomba nimwoneshe mti niliouegemea, akapima kwa macho mpaka kwenye uzio, akaziangalia zile punje moja moja. Nyama aliniachia. Akaniambia kona ile nisiikanyage tena mpaka aniambie. Kisha akaenda kwa jirani kwa barabara, kupitia geti la mbele.

Waliongea nini, hakuniambia, nami sikuuliza. Pipa liliondoka Alhamisi. Tulihesabu siku 10 kwenye kalenda ya mzee jikoni, ile yenye picha za matrekta, na kalamu ilipofika siku ya kumi ilikuwa imebaki kipande kidogo tu cha mwisho wa msimu.

Kama ningeulizwa na wanaotunga kanuni, ningewaambia siku 10 za kungoja hazitoshi kumlinda mtu wa upande wa pili. Wapange tarehe: mapipa yote yaliyo karibu na mpaka yawe yameshushwa wiki mbili kabla ya msimu, kulungu au si kulungu. Hivi sasa mzigo wote wa kujua uko kwa mwindaji, na mwenye pipa anaweza kujitetea kwa dirisha la mkewe.

Na ningeulizwa na wewe unayeanza, ningekwambia nenda kamsalimie jirani Februari, wakati hakuna wa kulaumiwa. Mimi nilikwenda Aprili na mahindi mkononi. Tembea kando ya uzio Machi, ukiwa upande wako, utazame njia za ndege zinaelekea wapi. Wakipita wote mstari mmoja kama wanaokwenda dukani, kuna duka. Ukikuta duka, hamia kona nyingine kabla hujapiga, na upige simu siku hiyo hiyo. Usisubiri mpaka upasue gole.

Barabara ya kwetu ni ya changarawe, na desturi ya huku dereva akipishana nawe ananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Jirani alikuwa ananinyanyulia viwili. Siku hizi tukipishana anatazama mbele. Mimi namnyanyulia bado. Jumamosi iliyopita alikuwa na kijana kiti cha pembeni, kofia ya mabakamabaka imemzidi kichwa, na ni yule kijana aliyeinua kidole.