Ganzi ya Mjafari

Asubuhi niliyoalikwa kuwaeleza waganga wa tiba asili wa Moshi chimbuko la neno ethnobotania, yaani elimu ya jinsi watu wanavyotumia mimea, gego lilinisumbua hata nikapitia Soko la Mbuyuni, ambako mzee mmoja wa Kimaasai aliniuzia magome ya mizizi ya mjafari, mti ambao yeye aliuita oloisuki, akanionya nitafune kipande kisichozidi ukucha na mate niyateme. Ukucha wa nani, hakusema. Nilitafuna kipande cha urefu wa kidole, na kwa kuwa mtu aliyevaa suti hatemi mate ovyo barabarani, niliyameza njia nzima.

Nilipofika ukumbini jino lilikuwa limenyamaza, ila ulimi na midomo navyo vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikusudia kusema kwamba neno hilo lilitungwa mwaka 1895 na John William Harshberger, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, aliyechunguza mabaki ya mimea ya wenyeji wa kale yaliyokuwa yameonyeshwa Chicago mwaka 1893, na kwamba aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, ethnos, yaani watu, na botane, yaani mimea. Kilichotoka kinywani ni "Hashabaga wa Malangu", kikifuatwa na udenda uliotua juu ya karatasi zangu.

"Wa Marangu?" akauliza mzee wa mstari wa mbele, akisogeza kiti. "Ukoo gani?"

Nilipopunga mkono kukana, niliangusha glasi ya maji, na hapo bibi mmoja akapaza sauti kwamba mwalimu amepigwa na kiharusi. Waliokuja kusikiliza habari za elimu ya mimea wakaanza kuitenda juu yangu: huyu ananifunua kope, yule ananikanda shingo kwa mafuta yanayonuka beberu, na sidhani kama Harshberger mwenyewe aliwahi kuiona taaluma yake ikifanya kazi kwa kasi namna ile. Hatimaye bibi yule yule alinusa pumzi yangu, akacheka hadi khanga ikamdondoka begani.

"Mjafari! Mwanangu, umekula mti mzima?"

Ganzi ilipoisha, ukumbi ulikuwa umeshazama katika mabishano juu ya kipimo halali cha mjafari, na hakuna aliyenikumbuka isipokuwa katibu, ambaye muhtasari wake unasomeka hivi: "Mgeni alieleza kuwa taaluma hii ilianzishwa mwaka 1895 na Mzee Hashabaga wa Marangu. Ukoo wake utafuatiliwa."