Piaget wa kukariri

Juzi nimefungua daftari la hisabati la binti yangu wa gredi ya pili. Mwalimu alikuwa akisoma namba, watoto wanaandika. Mia moja na tano: binti kaandika 1005. Mia mbili na kumi: 20010. Kote eksi nyekundu, na chini yake, "Jitahidi!"

Ajitahidi nini? Mtoto kasikia mia moja, akaandika 100. Kasikia tano, akaongeza 5. Kaandika alichosikia, tena kwa mpangilio uleule mara zote mbili. Ana kanuni kichwani, ila kanuni yenyewe haijakamilika. Wa kuiona alikuwa mwalimu.

Aliyesahihisha ni kijana wa TP, mwanachuo wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilipokwenda kumchukua mtoto nikamkuta getini, mpole, ana adabu zake, nikamuuliza kama chuoni wanasomeshwa saikolojia ya elimu. "Tunasoma, mzee. Tena ndilo somo nililofanya vizuri zaidi." Papo hapo akanimwagia hatua za Piaget, yule mwanasaikolojia aliyegawa ukuaji wa akili ya mtoto kwa umri: miaka 0 hadi 2, 2 hadi 7, 7 hadi 11, 11 kuendelea. Hakukosea hata moja. Maskini, angeweza kunitajia pia mengine ya kitabuni, mbwa wa Pavlov na piramidi ya Maslow, na daftari la mwanangu likabaki na eksi zake.

Simlaumu yeye. Nawalaumu waliomsomesha Piaget kama orodha ya bei. Huyo Piaget, kijana wa Uswisi, alikuwa Paris miaka ya 1920 ikianza, kazi yake kuwapa watoto mitihani ya akili. Majibu sahihi hayakumshughulisha sana. Yaliyomvuta ni yale ya makosa, kwa sababu watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Akaketi nao akawauliza: kwa nini unasema hivyo? Mbegu ya zile hatua nne ilikuwa maswali kama hayo. Sisi tumechukua hatua tukaacha swali, halafu tunamtungia mwanachuo mtihani: "Taja na ueleze."

Na jaribio lake maarufu la maji halina gharama. Bilauri mbili sawasawa, maji sawasawa, moja uimimine kwenye bilauri nyembamba ndefu. Nilimfanyia mtoto wa jirani wa miaka mitano, barazani. Kaikodolea macho ile ndefu, kaweka kidole ukingoni: "Hii ndiyo nyingi, imefika juu." Dadake wa miaka tisa akacheka hadi akashika tumbo, "Si maji ni yaleyale!" Mwanachuo akishuhudia hilo kwa macho yake mara moja tu, hatalisahau, wala hatahitaji noti za darasani. Lakini ni wangapi wanaomaliza chuo hawajamuuliza mtoto swali hata moja nje ya TP?

Haya, najua, wakufunzi wana madarasa yaliyofurika na mtihani hawautungi wao. Nakubali, kwa shingo upande. Bilauri lakini haiombi bajeti ya wizara.

Vygotsky naye, aliyesema mtoto hujifunza akishikwa mkono na anayejua zaidi, anafundishwa kana kwamba ni habari za Urusi tu. Pita chuo chochote cha Kurani hapa Majengo alasiri, utaona mkubwa amemshika mdogo, anamsomesha herufi moja moja, akiteleza anamrudisha, akishika anamwachia. Mwanachuo aliyekulia humo anaandika maelezo ya kutoka kwenye kitabu, na hakuna aliyemwambia kwamba jambo lenyewe kalipitia akiwa na miaka saba.



Ningekuwa na sauti, karatasi ya saikolojia ingekuwa na swali moja la lazima. Mpeni mwanachuo daftari la mtoto lenye makosa, jina limefutwa. Aeleze mtoto alifikiri nini hadi akaandika vile, na kesho yake atamuuliza nini. Akijibu "amejitahidi kidogo", sifuri.