Msasa si Karatasi ya Mchanga

Mwaka jana niliitwa kupitia kijitabu cha maelekezo ya mashine ya useremala. Kazi ndogo, nikaambiwa, kompyuta imeshatafsiri, wewe tupia jicho tu. (Kila mfasiri anaijua hiyo "tupia jicho tu", na anayajua malipo yake.) Ukurasa wa tatu nikakutana na amri hii: "Tia mchanga kidogo kwenye uso wa mbao, kisha futa vumbi." Nikacheka peke yangu. Nilimwona akilini fundi wa Keko, mtaa wa maseremala jijini Dar es Salaam, akitoka nje na koleo, anachota mchanga, anaumwaga juu ya kabati la mninga alilolimaliza jana yake.

Kosa lote lilitokana na neno moja, sand. Shuleni tulilipokea kama jina: sand ni mchanga, yameisha, fungua ukurasa unaofuata. Hatukuambiwa kwamba Waingereza hulifanya pia kitenzi, na kwamba kitenzi hicho kina kazi mbili zinazopingana. Kwenye nchi za baridi kali, barabara ikiganda barafu, lori hupita likimwaga mchanga ili magari yasiteleze. Hiyo ni sand. Seremala akisugua meza mpaka ikawa laini kama kioo, hiyo nayo ni sand. Huku unaongeza mkwaruzo, huku unauondoa. Wenyewe hawasumbuki, maana wakiona barabara wanajua, wakiona meza wanajua. Kompyuta ndiyo iliyobahatisha ikakosa.

Kiswahili hakina mtego huo kwa sababu kazi ya kulainisha mbao hakikuupa mchanga. Kiliupa mti. Msasa ni mti wa ukoo mmoja na mkuyu, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Wataalamu wa mimea wanauita Ficus exasperata, na hilo neno la pili la Kilatini nalo linataja ukwaruzaji huohuo. Mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani yake. Karatasi ya dukani ilipokuja ikakuta kazi tayari ina mwenyewe, ikarithi jina. Leo unaomba msasa namba 80 wa kuanzia na namba 220 wa kumalizia, na muuzaji hafikirii jani hata kidogo.

Kinachonifurahisha ni kwamba majina yote mawili, la kwao na la kwetu, yamepitwa na wakati. Sandpaper za siku hizi hazina mchanga wa mtoni wala wa pwani. Punje zake kwa kawaida ni oksidi ya alumini au kabidi ya silikoni, vitu vya kiwandani. Na msasa wetu hauna jani. Kila lugha imeshikilia kumbukumbu ya kile ambacho mkono wa fundi ulikishika mwanzo. Ndiyo maana nikikuta mtu kaandika "karatasi ya mchanga" huwa nakasirika kupita kiasi, mke wangu ni shahidi. Anakuwa ametupa kumbukumbu yetu, akaokota ya jirani, na ya jirani yenyewe si kweli tena.

Tena msasa umesafiri mbali kuliko sandpaper. Fungua gazeti lolote la Tanzania: "Walimu wapigwa msasa", "Madiwani kupigwa msasa Dodoma". Jani la porini limefika ukumbini, kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, na posho juu.

Ukishaanza kulifuatilia neno hili huachi. Zamani huko Marekani mtu akisemwa ana sand ndani yake, alikuwa anasifiwa: ni jasiri, hatetereki. Sasa mwambie Mswahili kwamba kitumbua chake kimeingia mchanga uone kama atakushukuru. Kwetu mchanga mahali pa chakula ni mambo kuharibika, kwisha. Hapo kuna kichekesho kidogo: sandwichi ilipewa jina la lodi wa Kiingereza wa karne ya 18, naye cheo chake kilitokana na mji wa Sandwich, Kent, ambao jina lake la kale lina mchanga ndani yake, soko la penye mchanga. Kwa hiyo mkate wao uliingia mchanga tangu siku ya kubatizwa, na wanaula tu.

Kwenye macho ndiyo tunaachana kabisa. Hadithi za Ulaya zina mzee anayepita usiku akiwanyunyizia watoto mchanga machoni ili walale na kuota ndoto nzuri. Mweleze bibi yangu hadithi hiyo. Mtu anayekutia mchanga machoni kwake ni tapeli: amekupiga changa la macho, sasa angalia kama mkoba wako bado upo.

Halafu kuna huyu mbuni. Siku hizi kila kiongozi anayekwepa swali anaambiwa ameficha kichwa mchangani kama mbuni. Usemi huo tumeuchukua kwenye Kiingereza, sisi ambao mbuni tunao. Mfugaji wa Longido angeshangaa. Mbuni akiona hatari hukimbia, tena kwa mwendo unaofika karibu kilomita 70 kwa saa, au hujilaza chini na kuinyoosha shingo ardhini. Ukimwona ameinamisha kichwa shimoni, mayai yake yamo humo na anayageuza kwa mdomo. Mzazi anayehangaikia mayai ndiye tuliyemgeuza mfano wa woga, kwa sababu tu usemi ulikuja umeshatengenezwa.

Sidai kwamba neno mchanga likitumika kwa Kiswahili hasa ndiyo basi, halidanganyi. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipozuia makontena 277 kusafirishwa kutoka bandarini Dar es Salaam, mtaani tulisema "mchanga wa dhahabu". Uliokuwa ndani si mchanga uliochotwa mahali. Ulikuwa mwamba wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, umesagwa, umechujwa kiwandani mpaka shaba, dhahabu na fedha zikakusanyika kwenye unga mdogo. Kampuni ya migodi hiyo ilikuwa na neno lake la kitaalamu, nasi baadaye tukapata letu, makinikia. Lakini makinikia lilichelewa. Neno mchanga lilikuwa limeshamwonyesha kila msikilizaji wa redio picha moja: mgeni ana koleo, anachota ardhi yetu na kuipakia melini. Picha hiyo ilifanya kazi kuliko takwimu yoyote iliyosomwa Ikulu. Mimi niliipenda wakati ule. Nikiisikiliza sasa kwa sikio la mfasiri, naona ilikuwa na changa la macho kidogo, kwa sababu ilificha kiwanda, na mabishano yote ya thamani ya ule unga yalikuwa kiwandani na maabara.

Turudi kwenye kijitabu. Niliandika "Piga msasa kidogo kwenye uso wa mbao", nikarekebisha na makosa mengine kumi na kitu, nikarudisha. Mwenye kazi akanipigia simu. "Kaka, nimelinganisha na Kiingereza. Hapa kuna sand, lakini mchanga siuoni. Umeruka neno."

Nikamwambia asinilipe kwanza. Apeleke karatasi zote mbili Keko, amkabidhi fundi yeyote aliyeko kazini, kila karatasi na ubao wake, halafu asimame pembeni aangalie. Hakwenda. Alinilipa siku ya tatu, pungufu ya tulivyokubaliana, na kijitabu kikatoka na "Piga msasa (mchanga) kidogo". Mabano hayo si yangu.