Mgonjwa wa sukari aliyekosa kliniki wakati wa korona alikuwa ameliskia vizuri tu agizo la kukaa nyumbani

Mpaka leo hapa Pwani ya Kenya ukitaja mwaka 2020 utaambiwa wagonjwa wa sukari walipotea kliniki kwa kukosa uelewa, wakarudi baadae na vidonda vya miguu. Sikatai, wapo wanaoacha vidonge wakijiskia nafuu na wapo wanaotupa insulini wakafuata majani. Na serikali ilikuwa na hoja kuwaambia wakae nyumbani, mwenye sukari akipata korona alikuwa rahisi sana kuzidiwa, sasa umrundike kwenye benchi la kliniki lililojaa umemsaidia nini.

Lakini jamani tukumbuke hali ilivyokuwa. Kafyu, yaani marufuku ya kutoka usiku, ilianza 27 Machi na siku hiyo hiyo pale feri ya Likoni, Mombasa, polisi walipiga watu virungu na kuwarushia vitoa machozi hata saa ya kafyu haijafika. Kabla wiki mbili kuisha Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, matatu ya watu 14 ikawa inabeba 8 na nauli ikapanda. Mei wakafunga Mji wa Kale wa Mombasa, katikati ya Ramadhani, mwezi ambao mgonjwa wa sukari anahitaji sana daktari maanake lazima ajue daku ale nini, dozi aipunguze vipi, sukari ikishuka afungue saa ngapi. Kila siku anaambiwa kaa nyumbani, akakaa.

Juni hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa nchi 155, asilimia 49 zikasema huduma za sukari zimevurugika, kiasi au kabisa. Karibu nusu! Na asilimia 94 zikasema watumishi wa wizara za afya wanaoshughulikia magonjwa yasiyoambukiza kama sukari wamehamishiwa korona, baadhi au wote. Hesabu hiyo siwezi kuiacha, kwa sababu kitu kikivurugika nchi nyingi namna hiyo kwa wakati mmoja huwezi kumtwika mgonjwa lawama ukasema ni uzembe wake.

Mama mmoja mtaani kwetu ana kipimo chake cha sukari na daftari la shule anaandika, asubuhi 9, jioni 14. Boksi la stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea damu, ni 50, ukipima mara tatu kwa siku halimalizi siku 17. Hoteli zilipofunga binti yake akakosa kazi, mama akawa anapima siku moja moja, na chupa ya insulini aliyojua kabisa ikishafunguliwa ni ya kama mwezi tu akaivuta ikapita hapo. Semina gani ungempa huyo?

Waliokuwa wanatumia ARV, dawa za virusi vya ukimwi, walikuwa na utaratibu wa kuchukua dawa za miezi mitatu kwa mpigo, bila kulipa, na ulikuwepo kabla ya korona. Kwa hiyo mfumo unawezekana, tunao. Wa sukari wengi hujinunulia kutoka mfukoni, na yule mama hata angeambiwa aweke akiba ya miezi mitatu, pesa ya wiki mbili ilikuwa inamshinda.