Mlimani, neno "jikaze" linaweza kukuua

Mimi ni mtu wa Tanga, mtoto wa kwanza kati ya sita, yule anayepigiwa simu ada ikipungua au mgonjwa akitakiwa kupelekwa hospitali. Sikumbuki ni lini niliwahi kumwambia mtu kwamba nimechoka. Kwa hiyo nilipojiunga na wenzangu wa kazini kupanda Kilimanjaro, Desemba, wiki ya Uhuru, nilichokiogopa ni baridi tu. Soksi nzito nilizipata mitumbani, koti nikaazima, na kwa miezi miwili nikawa napanda ngazi za ofisini kwa miguu.

Baridi niliiweza. Kilichonishinda ni kusema maneno matatu.

Tulipita njia ya Marangu, ambayo wapandaji hulala kwenye vibanda badala ya mahema. Siku ya kwanza ni msitu mtupu, miti imevaa kuvu kama ndevu, tukalala kwenye vibanda vya Mandara. Siku ya pili tukafika Horombo, mita 3,720, na jioni ile kichwa kikaanza kunigonga nyuma ya macho. Mwongozaji wetu alikuwa na kawaida moja: kila baada ya chakula cha jioni anapita na kidaftari, anakubana kidole kwa kipimo cha oksijeni, anauliza umekula, umelala, kichwa vipi. Aliponifikia nikamjibu, "Mzima kabisa, kaka." Wali wangu nilikuwa nimeshauhamishia kwenye sahani ya jirani.

Sisi tumelelewa kwa neno jikaze. Mtoto akianguka, jikaze. Mama akiwa na uchungu wa kuzaa, jikaze. Msibani, jikaze. Silidharau neno hili. Limewavusha wengi mahali ambapo hapakuwa na msaada mwingine. Lakini naamini linatufundisha kuficha, na mlima haujali kuficha kwako. Kuanzia kama mita 2,500 hewa nyepesi inaweza kumwangusha mtu yeyote, awe mkimbiaji au mzee wa miaka sitini, na mazoezi ya ngazi hayakukingi. Ugonjwa huo huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu. Ukipuuza na kuendelea kupanda, ubongo unaweza kuvimba au mapafu yakajaa maji, na tiba ya uhakika ni kushuka, tena mapema. Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humfichua.

Usiku nilitoka kutapika. Nje nikamkuta kijana mmoja wa wapagazi wetu (wao wenyewe huitana wagumu) akichota maji. Nikamwomba asimwambie mtu. Akanishika mkono mpaka kizunguzungu kikatulia, kisha akasema taratibu, "Dada, mwambie. Hata sisi huwa tunaambiana." Huyu ni mtu anayebeba mpaka kilo 20 kwenye njia hiyo hiyo niliyokuwa nikihema na kibegi cha maji. Kama yeye anasema, mimi nilikuwa namfichia nani?

Asubuhi nikamfuata mwongozaji. "Kaka, kichwa kinaniuma." Sauti ilinitetemeka, na machozi yalinitoka, si kwa maumivu. Hakunigombeza. Alinipa maji ninywe mbele yake, akaniambia ile siku ilikuwa ya mapumziko hata hivyo: tutapanda pole pole mpaka kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, halafu turudi kulala pale pale Horombo, mwili uzoee. Kesho yake kikiuma bado, tunashuka. Hakikuuma.

Usiku wa manane wa kuamkia siku ya tano tulitoka vibanda vya Kibo, vya mwisho kabla ya kilele. Giza, changarawe inayokurudisha nyuma hatua moja kila unapopiga mbili, na mstari wa taa za vichwani juu yetu. Kulipopambazuka tulikuwa Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, jua likichomoza nyuma ya Mawenzi. Mawingu yalikuwa chini yetu, mekundu. Mbele, karibu mita 200 juu zaidi, kilikuwa kilele cha Uhuru, mita 5,895, pale Luteni Alexander Nyirenda alipousimika mwenge Desemba 1961. Nimeuimba mwenge huo tangu darasa la kwanza. Nilikitaka kilele kile kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini nilikuwa naenda mbele, mguu unaenda upande. Safari hii sikungoja kuulizwa. Nikasema, "Kaka, miguu hainisikii." Akanitazama machoni, akanitaka nitembee hatua chache kwenye mstari ulionyooka, nikashindwa. Tukageuka palepale, mimi na msaidizi wake, wenzangu wakaendelea.

Tangu nirudi nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikujikaza, ilhali ilibaki kidogo tu. Najibu kwamba kupanda mpaka pale kulikuwa ugumu niliouzoea tangu utotoni. Ule wa kugeuka sikuwahi kuujaribu.

Getini Marangu mtandao ulirudi, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika juu?"

"Sikufika. Niliumwa, nikaomba tushuke. Na nimechoka mama, nimechoka sana."

Akanyamaza kidogo. "Basi ukifika ulale. Ile ada nitamwambia mdogo wako."